Bora Kuliko Nani?

Mwanzoni mwa mwaka 1996, nikiwa mwanafunzi wa shule ya upili ya bweni, mwalimu wetu wa Kiswahili aliingia darasani na gazeti la Desemba amelikunja kwapani. Hakulifungua mara moja. Aliandika ubaoni sentensi moja tu: "George Weah ni mchezaji bora." Kisha akatugeukia na kutuuliza kama sentensi hiyo imekamilika. Sisi, ambao tangu habari ile ilipotangazwa redioni wakati wa likizo tulikuwa tukitembea kana kwamba Liberia ni mojawapo ya wilaya za Kenya, tulijibu kwa sauti moja kwamba imekamilika. Mwalimu alitikisa kichwa, akachukua chaki, akaongeza maneno mawili na alama ya kuuliza: "kuliko nani?"

Nakiri kwamba siku hiyo nilimwona kuwa mtu aliyekuja kukitia mchanga kitumbua chetu. Mwafrika alikuwa ametawazwa na jarida la Ufaransa, France Football, kwa tuzo ambayo haijapata kumfikia Mwafrika mwingine yeyote. FIFA nayo ikamtawaza kwa mwaka huohuo wa 1995. Je, mtu anauliza nini zaidi? Imenichukua miaka mingi na shahada kadhaa za isimu kutambua kwamba mwalimu yule hakuwa akimpunguzia Weah sifa. Alikuwa akitufundisha sarufi, na kwa njia ya sarufi alikuwa akitufundisha namna ya kulisoma gazeti.

Kivumishi "bora" kina tabia ya pekee. Hakichukui viambishi vya ngeli: twasema mtu bora, kiti bora, maisha bora, na umbo lake halitikisiki. Aidha, Kiswahili hakina umbo maalumu la kivumishi la kuonyesha kwamba sifa imefika kileleni. Mwingereza na Mfaransa wana maneno ambayo, yakishatamkwa tu, mshindi huwa ameshapanda juu ya wote, wala msikilizaji haulizi ni wote gani. Sisi hatuna njia hiyo ya mkato. Anayetaka kusema kwamba fulani amewapita wengine hana budi kutumia "kuliko", au "kushinda", au "kupita", na baada ya maneno hayo ni lazima atajwe mtu. Hata tukisema "kuliko wote", neno hilo "wote" hubaki mlangoni likisubiri kukamilishwa: wote wa darasa hili, wa mtaa huu, ama wa ulimwengu mzima? Wako wanaouona huu kuwa upungufu wa lugha yetu. Mimi nauona kuwa adabu, maadamu unamlazimisha msemaji aonyeshe mizani yake kabla ya kutangaza uzito.

Ndiyo maana kila mwaka tuzo hiyo ya Ballon d'Or, yaani Mpira wa Dhahabu, inapotolewa jijini Paris, na watangazaji wetu wakatamka kwa bashasha kwamba mchezaji bora amepatikana, mimi huisikia ile chaki.

Waama, historia ya tuzo yenyewe ni historia ya swali hilohilo. France Football lilianzishwa mwaka 1946. Miongoni mwa wanahabari waliolipa umaarufu ni Gabriel Hanot, mtu aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya Ufaransa na ambaye aliandikia pia gazeti la L'Équipe. Mnamo Desemba 1954, klabu ya Wolverhampton Wanderers ya Uingereza iliilaza Honvéd ya Budapest mabao 3-2, na magazeti ya Uingereza yakaanza kuiita bingwa wa dunia. Hanot akahoji. Bingwa aliyemshinda nani, na kwenye uwanja wa nani? Alitaka Wolves wasafiri kwanza hadi Moscow na Budapest kabla ya kuvikwa taji, na akakumbusha kwamba Milan na Real Madrid nao wapo. Kutokana na hoja hiyo L'Équipe lilipendekeza mashindano ya vilabu bingwa vya Ulaya, yakaanza kuchezwa mwaka 1955. Mwalimu wangu na Hanot wangeelewana vizuri.

Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 1956 France Football lilitoa Mpira wa Dhahabu kwa mara ya kwanza. Wanahabari 16 walipiga kura, na Stanley Matthews wa Blackpool, mwenye umri wa miaka 41, akampiku Alfredo Di Stéfano wa Real Madrid kwa pointi 47 dhidi ya 44. Tuzo ilikuwa ya mwanasoka bora wa Ulaya. Jarida lilisema hivyo waziwazi, wala halikumficha mtu. "Wote" walikuwa ni Wazungu.

Ila Mzungu ni nani? Hapo ndipo ninapomwomba msomaji avute subira, kwa kuwa hapa pana utajiri. Di Stéfano alizaliwa Argentina na kupata uraia wa Hispania. Alishinda mwaka 1957 na tena 1959. Omar Sívori, mzaliwa wa Argentina vilevile, alishinda mwaka 1961 akiwa ameichezea Italia. Eusébio alizaliwa mwaka 1942 katika mji wa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, akalelewa katika mtaa wa Mafalala, na akatuzwa mwaka 1965 akiwa na Benfica. Ureno iliihesabu Msumbiji kuwa mkoa wake wa ng'ambo, na kwa hesabu hiyo kijana wa Mafalala akawa Mzungu wa makaratasi. Mwaka mmoja tu uliotangulia, 1964, FRELIMO walikuwa wameshika bunduki kuipinga hesabu hiyohiyo. Kwa hivyo, kitu ambacho wapigania uhuru walikuwa wakikikana msituni ndicho kilichomwezesha mwana wa nchi yao kuingia katika orodha ya Paris. Sijui mfano mwingine ulio bora zaidi wa kuwafundishia wanafunzi kwamba maana ya neno huamuliwa na mwenye mamlaka ya kulitumia.

Pelé, aliyekuwa akisakata kabumbu Santos nchini Brazili, hakuwa na karatasi ya namna hiyo. Alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1958, 1962 na 1970 pasipo kupata Mpira wa Dhahabu hata mmoja, hadi alipopewa wa heshima mnamo Januari 2014. Mwaka 2016, likiadhimisha miaka 60 ya tuzo yake, jarida lenyewe liliketi kuzipitia upya tuzo zote 39 za kuanzia 1956 hadi 1994 kana kwamba uzio wa Ulaya haukuwako. Likakata shauri kwamba 12 kati yake zingeenda Amerika Kusini: saba kwa Pelé, mbili kwa Maradona, na moja moja kwa Garrincha, Kempes na Romário. Washindi wa awali hawakunyang'anywa chochote, na hilo lilikuwa jambo la busara. Hata hivyo, katika masahihisho hayo yote hakuongezeka Mwafrika hata mmoja.

Nasisitiza kwamba sioni hila katika jambo hili. Mwenye jarida ana haki ya kuchagua uwanja wake. Jarida la Kiingereza la World Soccer, lililoanza mwaka 1960, lilipoanzisha tuzo zake mwaka 1982 halikujiwekea mpaka wa bara, na mwaka 1983 likamtuza Zico wa Brazili. Kila mmoja na mizani yake. Kosa lilikuwa letu sisi tunaopokea na kutafsiri. Kwa miongo kadhaa tulisikia "mwanasoka bora wa Ulaya" na kuwaambia watoto "mwanasoka bora duniani", tukilimeza jina la bara zima katikati ya sentensi. Mwanafunzi akifanya hivyo katika karatasi ya ufupisho, mwalimu humkata alama.

Afrika nayo ilipewa uzio wake, na mwenye kuujenga alikuwa yuleyule. Tangu mwaka 1970 hadi 1994 France Football lilitoa Mpira wa Dhahabu wa Afrika, likianza na Salif Keita wa Mali. Mwaka 1973 tuzo hiyo ilimwendea Tshimen Bwanga, mlinzi kutoka Lubumbashi, mji ambao Kiswahili kinasemwa sokoni, migodini na viwanjani. Mtu aliyeshangiliwa kwa Kiswahili alithibitishwa kuwa bora kwa Kifaransa. Mwaka 1987, ambao Gor Mahia waliutikisa uwanja wa Kasarani na kutwaa Kombe la Washindi barani Afrika, tuzo ilimwendea Rabah Madjer wa Algeria, aliyekuwa ameifungia Porto bao la kisigino katika fainali ya vilabu bingwa vya Ulaya. Sina ugomvi na Madjer. Bao lile lastahili kuimbwa. Nasema tu kwamba hata "bora wa Afrika" lilikuwa tamko la Paris, na ilikuwa mwaka 1992 ndipo shirikisho la kandanda la bara hili, CAF, lilipoanza kutoa tuzo yake lenyewe.

Uzio wa Ulaya ulisogezwa mwaka 1995. Kuanzia hapo mchezaji wa taifa lolote angeweza kushindania tuzo, mradi awe katika klabu ya Ulaya, na mshindi wa kwanza chini ya kanuni hiyo akawa Weah wa AC Milan. Basi jibu la swali la mwalimu lilikuwa hili: Weah alikuwa bora kuliko wote waliokuwa wakicheza katika vilabu vya Ulaya. Hiyo ni sentensi kamili, na ni sifa kubwa mno. Mwaka 2007 uzio ukaondolewa kabisa na dunia nzima ikaingia. Walakini dunia nzima tayari ilikuwa imeshahamia Ulaya kwa mishahara, na wanawake walikuwa wangali nje. Walisubiri hadi mwaka 2018, miaka 62 baada ya Matthews, ndipo Ada Hegerberg wa Norway akatuzwa. Na hata usiku huo mfawidhi wa sherehe hakuona haya kumuuliza kama angeweza kucheza ngoma ya kutikisa makalio. Hegerberg alimjibu kwa neno moja, la kukataa. Tangu Weah hadi leo hakuna Mwafrika mwingine aliyeinuliwa. Aliyekaribia zaidi ni Sadio Mané wa Senegal, aliyekuwa wa pili nyuma ya Karim Benzema mwaka 2022.

Mpaka hapa nimezungumzia wanaohesabiwa. Kuna wanaohesabu pia, na hao ndio wanaotugusa sisi Wakenya moja kwa moja. Kati ya mwaka 2010 na 2015 jarida liliunganisha tuzo yake na ya FIFA, na kura zikapigwa na nahodha na kocha wa kila timu ya taifa pamoja na mwanahabari mmoja kutoka kila nchi. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa hiyo kura za wanahabari zilimweka mbele Wesley Sneijder wa Uholanzi; kura za manahodha na makocha ndizo zilizompa Lionel Messi ushindi. Badilisha wasemaji na mshindi hubadilika, ilhali mabao yaliyofungwa ni yaleyale. Ndoa ilivunjika mwaka 2016, kura zikarudi kwa wanahabari peke yao. Kisha mwaka 2022 jarida likapunguza jopo: kwa tuzo ya wanaume, mwanahabari mmoja mmoja kutoka mataifa 100 ya kwanza katika orodha ya FIFA, kwa tuzo ya wanawake, mataifa 50. Hoja yao ilikuwa kwamba wanataka jopo la wajuzi zaidi.

Hoja hii siikubali. Orodha ya FIFA hupima miguu ya wachezaji wa taifa fulani. Haipimi macho ya mwandishi wake. Yeyote aliyekaa katika kibanda cha video huko Kawangware au Kongowea usiku wa mechi za Ulaya anajua kwamba wajuzi wa mchezo huu hawagawanywi kwa nafasi ya mia moja na ya mia moja na moja. Kenya ilikuwa nje ya mia hiyo, na jirani zetu wa Uganda walikuwamo. Lakini nikisema hayo sharti niseme na mengine. Kutoka Februari hadi Novemba mwaka huo wa 2022 Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA kwa sababu ya vurumai baina ya serikali na viongozi wa shirikisho la kandanda. Timu isiyocheza haipandi orodha. Mlango uliofungwa Paris ulikuwa umeshaegemezwa na mikono ya hapa nyumbani.

Nisieleweke kuwa nailalamikia Paris, kwani kinachonikera hasa kiko karibu zaidi. Katika semina yangu ya semantiki hivi karibuni niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa pili ni nani aliyeshinda Mpira wa Dhahabu mara nyingi zaidi. Si jina tu, walinipa na miaka yote minane ya Messi kwa mfululizo, kuanzia 2009 hadi 2023, kama watoto wa chuo wanaosoma kwa moyo. Kisha nikaandika ubaoni maneno matatu: "Kadenge na mpira." Wote waliyafahamu. Kijana mmoja mwerevu, ambaye kazi zake huzisoma kwa furaha, akaeleza kwamba huo ni msemo, na kwamba maana yake ni mtu anayeng'ang'ania jambo peke yake. Nilipomuuliza Kadenge ni nani, alifikiri kidogo, akasema: "Mwalimu, nadhani ni jina tu la kubuni, kama Abunuwasi."

Joe Kadenge alifariki dunia mwaka 2019. Alikuwa mshambuliaji wa Abaluhya, klabu ambayo baadaye ilikuja kuitwa AFC Leopards, na wa timu ya taifa. Mwaka 2002 aliwahi kuifundisha Harambee Stars. Aliyeyaimarisha maneno yale matatu katika vinywa vya Wakenya ni mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka mwaka 2025. Yatazame kwa jicho la isimu. Hayana kitenzi wala kivumishi, na neno "bora" halimo. Kuna mtu, kuna mpira, kuna "na" ya kuwaunganisha. Lakini kila aliyekuwa karibu na redio alielewa kwamba uwanjani kuna watu ishirini na wawili na kwamba kwa sasa mwenye mchezo ni mmoja. Ile ilikuwa tuzo yetu. Ilitolewa kwa Kiswahili, papo hapo, na jopo likawa ni taifa zima. Upungufu wake ni mmoja tu, nao ni kwamba haikuandikwa. France Football lilichapa pointi 47 na 44, na kwa sababu hiyo twaweza leo kubishana kama Di Stéfano alionewa. Ya Kadenge yalibaki hewani, yakageuka msemo, na msemo ukammeza mwenyewe.

Sisemi kwamba hatuna tuzo. Tangu mwaka 2004 tuna SOYA, iliyoasisiwa na mwanariadha Paul Tergat, na naiheshimu, ingawa jina lake masikioni mwa bibi yangu lilikuwa maharagwe. Watanzania wamefika mbali zaidi kwa kuwa na gazeti zima la michezo kwa Kiswahili, Mwanaspoti, na anayetaka kufuatilia safari ya Mbwana Samatta hadi kutajwa na CAF kuwa mchezaji bora wa mwaka 2015 kati ya wanaocheza barani Afrika hana haja ya kuazima lugha. Kwetu Kenya, mwaka 2020, Michael Olunga alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani na akatawazwa mchezaji bora wa ligi hiyo. "Bora kuliko wote wa ligi kuu ya Japani": sentensi kamili, mizani wazi, namba zipo. Miongoni mwa wanafunzi wangu thelathini na kitu, wanne ndio waliokuwa na habari hiyo.

Walimu wenzangu wa shule za upili wataniuliza nataka wafanye nini, na vipindi vyenyewe havitoshi. Nataka kidogo tu. Mtoto anayeandika insha ya "mchezaji ninayemstahi" aruhusiwe kumwandika Messi, na katika aya ya pili aulizwe: kuliko nani, na nani amesema? Jarida la shule, pale ambapo lingalipo, liwe na ukurasa wa kandanda kwa Kiswahili wenye tarehe, matokeo na majina ya wafungaji, pamoja na mchezaji bora wa muhula, orodha ya waliopiga kura na idadi ya kura. Tuzo ile ya Paris ilianza na watu 16. Darasa moja la kidato cha tatu lina zaidi ya hao.

Mimi niliwapa wanasemina wangu kazi: kila mmoja amtafute mzee aliyewahi kuona mechi kabla ya mwaka 1990, amuulize mchezaji bora alikuwa nani, na asiondoke kabla mzee hajaikamilisha "kuliko". Wengi walileta ukurasa mmoja. Binti mmoja kutoka Vihiga alichelewa kwa wiki nzima, akaja na simu yenye saa mbili za sauti. Babu yake alikuwa amemtaja Kadenge, jirani akapinga, wakaitwa wazee wengine wawili, na hadi chai ya jioni inaletwa walikuwa bado hawajakubaliana ni mechi zipi zihesabiwe. Aliniomba msamaha kwa kutopata jibu. Nimemwomba aandike yote waliyosema, neno kwa neno, na kila mzee aandikwe alimpigia nani kura.